Mwezi mmoja wa kulipia kumbukumbu za Waingereza: tathmini kutoka Nyegezi

Nilijiunga na tovuti hii ya kulipia kwa sababu ya swali la wajukuu. Binti yangu ameolewa na Mwingereza, na watoto wao wawili ni mapacha, hivyo kwa desturi yetu Wasukuma mmoja ni Kulwa na mwingine ni Doto, hata kama vyeti vyao vina majina mengine kabisa. Likizo iliyopita walipokuwa kwangu Nyegezi niliwahesabia ukoo wa upande wa mama yao, kizazi baada ya kizazi, hadi kwa mzee aliyehamia Magu na ng'ombe wake, nao wakauliza kama upande wa baba yao uliwahi kuwa na Kulwa na Doto wengine. Mkwe wangu alicheka. "Baba," alisema, "mimi najua mpaka babu yangu tu. Kabla yake walikuwa watu wa viwandani, na hakuna aliyeandika habari zao." Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na kauli hiyo ya mwisho sikuikubali, kwa kuwa mfanyakazi wa Uingereza wa karne ya 19, hata kama hakuandika neno lolote yeye mwenyewe, aliandikwa sana na wengine: msajili wa vizazi, karani wa sensa, kasisi wa parokia, na yule aliyegawa posho kwa maskini.

Tathmini hii inahusu tovuti moja kubwa ya kulipia, niliyoitumia kwa mwezi mmoja na siku chache, pamoja na zile za bure nilizozitumia sambamba nayo. Ile ya kulipia sitaitaja kwa jina, kwa sababu nina malalamiko nayo ambayo tumekwisha kuyamaliza wenyewe kwa wenyewe. Nitakachosema ni kwamba ada yake ya mwezi inalingana na bei ya sangara wawili wazuri pale mwaloni Kirumba, na kwamba inakupa kwa pamoja sensa zote za Uingereza kuanzia 1841, vitabu vingi vya parokia, na faharasa za vizazi, ndoa na vifo.

Nianze na jambo ambalo wauzaji hawakuambii, kwamba usilipe siku ya kwanza. Mwanzo wa safari yangu ulikuwa cheti cha ndoa cha mwaka 1914 ambacho mkwe wangu alikuwa nacho, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Cheti cha ndoa cha Kiingereza, tangu usajili wa kiserikali ulipoanza tarehe 1 Julai 1837, kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao, kwa hiyo karatasi moja inakuvusha kizazi kizima bila kutoa senti. Kutoka hapo nilikwenda FreeBMD, tovuti ya bure iliyoanzishwa na watu wa kujitolea mwaka 1998, ambao wamenakili faharasa za robo mwaka za vizazi, ndoa na vifo mstari kwa mstari. Pale unapata jina, wilaya ya usajili, juzuu na ukurasa. Hupati zaidi ya hayo, lakini kwa ndoa unaweza kubofya namba ya ukurasa ukaona watu wote waliosajiliwa humo, na kati yao ukabahatisha nani alimwoa nani. Usiku mmoja wa bando la usiku ulinitosha kurudi kutoka 1914 hadi kwenye ndoa ya mwaka 1883 katika wilaya ya Blackburn, Lancashire. Bibi harusi wa ndoa hiyo alikuwa bibi wa babu yake mkwe wangu, naye ndiye aliyenishika.

Baada ya kumpata huyo bibi ndipo nilipolipia, kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia simu, ambayo ilikubaliwa mara moja bila maswali ya anwani. Hilo ni la kusifiwa, kwa maana huduma nyingi za ng'ambo hukwama hapo.

Sensa ndizo moyo wa huduma hii na ndizo zinazostahili pesa yako. Ilipigwa kila baada ya miaka 10, na kurasa zake hufungwa kwa miaka 100 kabla ya kuonyeshwa kwa umma, hivyo karne ya 19 yote iko wazi. Tovuti inakupa kwanza maandishi yaliyonakiliwa, kisha kwa kubofya unafungua picha ya ukurasa wenyewe kama ulivyoandikwa na karani, na picha hizo zimepigwa vizuri kiasi kwamba unaona mahali kalamu ilipoishiwa wino. Kwenye simu hazisomeki. Nilihitaji kompyuta ya kijana mwenye stesheneri jirani na kwangu, ambaye pia alinichapia kurasa tatu kwenye karatasi ya A3 kwa bei ya kiungwana.

Inafaa msomaji ajue anachokitazama. Fomu ambazo kila kaya ilijaza kwa sensa za 1841 hadi 1901 zilikwisha kuharibiwa. Tulizo nazo ni nakala ambazo karani alizihamishia kwenye daftari lake baada ya kuzikusanya. Kwa hiyo mwandiko ni wa karani na makosa ya tahajia ni yake pia, na pale ambapo mwenye nyumba hakujua kusoma, jina liliandikwa kama lilivyosikika masikioni mwa mgeni. Ukoo wa mkwe wangu una jina moja lililoandikwa kwa namna nne katika miaka 40. Kwetu pia tunayajua hayo, maana ndugu yangu wa tumbo moja ana tahajia moja ya jina la baba kwenye cheti cha shule na nyingine kwenye kadi ya kura.

Sensa ya 1841, iliyopigwa usiku wa tarehe 6 Juni, ndiyo ya kwanza ya nchi nzima kuorodhesha kila mtu kwa jina, lakini ni bahili. Umri wa watu wazima, waliozidi miaka 15, uliagizwa uteremshwe hadi kwenye tano iliyo chini yake, na mahali pa kuzaliwa paliandikwa tu ndiyo au hapana, yaani kama mtu alizaliwa katika kaunti ile ile. Uhusiano wa watu ndani ya nyumba haukuandikwa kabisa. Nilipomwona babu wa yule bibi yetu, ameandikwa miaka 40, na mbele yake herufi tatu, H.L.W., ilinichukua muda kuelewa kwamba hicho ni kifupisho cha mfumaji wa mashine ya mkono. Sensa ya tarehe 30 Machi 1851 ndiyo inayoanza kuzungumza, kwa kuwa inataja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, hali ya ndoa, umri kamili na parokia ya kuzaliwa. Mzee yule yule sasa ana miaka 52, si 50 kama ungetarajia kwa kujumlisha, na bado anafuma kwa mkono.

Hapo niliinuka nikatembea uani kidogo. Mwaka 1813 Uingereza ilikuwa na mashine za kufumia za mvuke takriban 2,400. Kufikia 1850 zilikuwa takriban 250,000. Aprili 1826 wafumaji wa mkono wa mashariki ya Lancashire, Blackburn ikiwemo, walivamia viwanda na kuvunja mashine hizo kwa sababu ujira wao ulikuwa umeporomoka hadi chakula kikawa shida. Mzee huyu alikuwa na miaka 27 wakati huo. Siwezi kusema alikuwamo kwenye umati wala kwamba hakuwamo, lakini mtu aliyekuwa akishikilia mashine yake ya mkono mwaka 1851, huku mwanawe wa miaka 20 katika nyumba hiyo hiyo akiandikwa mfumaji wa mashine ya mvuke, ni mtu ambaye maisha yake yote yamo katika mistari miwili ya ukurasa mmoja. Yeyote aliyewahi kuingia ukumbi wa mashine za kufumia pale Mwatex anajua kelele zake. Wafumaji wa Lancashire walizoea kusomana midomo ili waweze kuzungumza wakiwa kazini.

Sasa nieleze kasoro, na ya kwanza ni kubwa. Tovuti ina kitu inachokiita dokezo, jani dogo linalotokea pembeni ya jina na kukuambia kwamba watumiaji wengine wamekwisha kumweka mtu wako kwenye mti wao wa ukoo. Ukikubali, mti wako unachanua kwa dakika moja vizazi sita juu. Niliubofya huo mchanuo. Kwa mujibu wa miti 14 ya watu nisiowajua, mzee wetu wa Blackburn alizaliwa kaunti nyingine, akafariki mwaka 1849, na baba yake alikuwa mwenye shamba. Marehemu wa 1849, kama tulivyokwisha kuona, mwaka 1851 yupo nyumbani kwake anafuma nguo. Mtu mmoja alichanganya watu wawili wenye jina moja, wengine 13 wakanakili bila kufungua ukurasa, na mashine ya tovuti ikahesabu wingi wao kuwa ushahidi. Katika Uingereza ya wakati ule, ambako John, William na Thomas walitosha kuwagawia sehemu kubwa ya wanaume, mchanganyo wa namna hii ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Jina la Mabula linakuambia kwamba mvua ilikuwa ikinyesha siku ya kuzaliwa; jina la William halikuambii chochote. Ushauri wangu ni kuzima madokezo hayo kwenye mipangilio tangu siku ya kwanza.

Kasoro ya pili ni unakili. Katika sensa ya tarehe 7 Aprili 1861 familia nzima ilipotea, na nilikaa siku tatu nikiamini walihama. Hawakuhama. Herufi ya kwanza ya jina lao, ambayo kwa mwandiko wa karani ina mkia mrefu, ilisomwa kuwa T badala ya F. Niliwapata kwa kuacha nafasi ya jina la ukoo wazi kabisa, nikaandika majina ya kwanza ya mume na mke, umri wa kukisia na mahali pa kuzaliwa, na mtambo ukawaleta kama wa nne kwenye orodha. Uwezo huo wa kutafuta bila jina la ukoo ni mzuri mno, na kwa haki yake nasema sikuupata kwa wepesi huo kwingine. Tovuti pia inakuruhusu kupendekeza masahihisho, na pendekezo langu lilionekana baada ya siku mbili likiwa pembeni ya kosa, ingawa kosa lenyewe linabaki pale pale.

Katika kaya hiyo ya 1861 kuna mtoto wa kike wa miaka 2, ambaye ndiye bibi arusi wetu wa 1883. Nilitaka kuona kuzaliwa kwake. Hapa tovuti ya kulipia ilifika mwisho wa kamba yake, kwa maana rejesta zenyewe za vizazi na vifo haziko kwake. Ziko kwa ofisi kuu ya usajili ya Uingereza na Wales, ambayo mtu yeyote popote alipo anaweza kuifungulia akaunti na kuagiza. Faharasa ya ofisi hiyo ni ya bure, na ina kitu ambacho faharasa za zamani hazikuwa nacho kabla ya mwaka 1911, yaani jina la ukoo la mama wa mtoto kabla hajaolewa, tena kwa vizazi vyote tangu 1837. Nilimpata mtoto katika robo ya kwanza ya mwaka 1859, wilaya ya Blackburn, juzuu la 8e, na jina la mama likalingana na la ndoa ya wazazi wake. Nililipa pauni 3 kwa picha ya ingizo lake, takriban shilingi elfu kumi, na picha ikafunguka papo hapo bila kusubiri posta.

Niliisoma picha hiyo nikiwa nimevaa miwani miwili. Tarehe ya kuzaliwa, jina, jina la baba, jina la mama, kazi ya baba: mfumaji wa mashine ya mvuke. Aliyetoa taarifa ni mama, na mahali pa saini pana alama ya X, na msajili ameandika kando yake kwamba hiyo ni alama ya fulani, kwa sababu mama hakujua kuandika. X yenyewe imepinda; mstari mmoja umeanza mbali na kukatiza mwingine karibu na ncha, kama mtu aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza au ya pili maishani. Halafu, juu ya tarehe ya kuzaliwa, kwa herufi ndogo, pameandikwa saa: kumi na nusu alfajiri.

Msajili wa Kiingereza kwa kawaida haandiki saa. Huiandika pale ambapo watoto waliozaliwa ni zaidi ya mmoja, ili ijulikane nani alitangulia. Si kanuni isiyo na ubaguzi, kwani katika miaka ya mwanzo ya usajili wapo wasajili walioiandika saa kwa kila mtoto, lakini mwaka 1859 nilikuwa na haki ya kushuku. Nilirudi kwenye faharasa. Kwa nini sikumwona pacha mara ya kwanza? Kwa sababu faharasa hiyo inakulazimisha kuchagua jinsia kabla ya kutafuta, mimi nikachagua wa kike, na mtambo ukanionyesha wa kike tu. Nilipobadilisha kuwa wa kiume, akatokea: jina lile lile la ukoo, jina lile lile la mama, robo ile ile, juzuu lile lile na ukurasa ule ule. Pauni 3 nyingine. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, robo saa baada ya dada yake.

Kulwa na Doto wa Blackburn, basi.

Sensa ya 1861 haikuwa na mvulana, hivyo nilijua nini kinafuata kabla ya kukitafuta. Faharasa ya vifo ya ofisi hiyo inataja umri, na picha za rejesta za vifo zinapatikana kwa bei hiyo hiyo kwa miaka ya 1837 hadi 1887. Doto wa Blackburn alifariki Julai 1859, akiwa na miezi mitano, kwa degedege. Neno hilo la Kiingereza msajili ameliandika kwa mwandiko mkubwa kuliko mengine. Sikuwapigia simu wajukuu siku hiyo.

Yule dada mtu alibaki, na sensa zinamfuata vizuri. Mwaka 1871 ana miaka 12 na ameandikwa mfanyakazi wa pamba wa nusu siku, utaratibu ulioletwa na sheria ya viwanda ya 1844, ambao uliruhusu mtoto kuanzia miaka 8 kufanya kazi nusu ya siku kwa sharti kwamba nusu nyingine anakwenda shule. Mwaka 1881 ana miaka 22 na ni mfumaji kamili. Lakini kati ya 1861 na 1871 pana shimo, na shimo hilo lina jina linalofahamika: njaa ya pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza 1861, meli za Kaskazini zikafunga bandari za Kusini, na Lancashire, iliyokuwa ikitegemea pamba ya Marekani kwa sehemu kubwa ya mahitaji yake, ikabaki na mashine zilizosimama hadi vita vilipomalizika 1865. Pamba ya Surat kutoka India iliyoletwa kuziba pengo ilikuwa na nyuzi fupi zilizokatika katika mashine, na wafumaji waliichukia. Mwaka 1863 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwapa miji iliyoathirika mikopo ya kufanya kazi za umma, barabara na mifereji ya maji machafu, ili wafanyakazi wapate ujira. Baba wa mapacha, mfumaji mwaka 1861, katika sensa ya 1871 ni kibarua wa barabara. Mtu akiniuliza kama aliingia barabarani kwa sababu ya sheria hiyo, sitaapa. Mistari miwili ya sensa yenye miaka 10 katikati haiwezi kubeba kiapo.

Nilitarajia tovuti ya kulipia inisaidie hapo, maana matangazo yake yanaahidi kumbukumbu za maskini. Inazo za London kwa wingi, lakini za Blackburn sikuzikuta. Madaftari ya bodi za maskini zilizoundwa chini ya sheria ya 1834, pale yaliponusurika, kwa sehemu kubwa yako katika hifadhi za kaunti, na kwa Lancashire hifadhi hiyo iko Preston, ambako mtu anakwenda mwenyewe au anaagiza nakala. Mnunuzi ajue basi kwamba anayefuatilia ukoo wa London anapata zaidi kwa ada ile ile kuliko anayefuatilia ukoo wa mji wa viwanda.

Pengo hilo la Blackburn linazibwa kwa namna fulani na mradi wa bure wa makarani wa parokia wa Lancashire mtandaoni, ambao nao ni wa kujitolea, na ambao umenakili ubatizo, ndoa na mazishi ya makanisa mengi ya kaunti hiyo. Ukurasa wake wa kutafutia una sura ya mwaka 2000, hauna jani wala dokezo, na ndio niliouamini kuliko wote. Humo nilipata ndoa ya wazazi wa mapacha katika kanisa la Mtakatifu Maria la Blackburn, ambalo leo ni kanisa kuu la jimbo. FamilySearch nayo, ambayo ni ya bure baada ya kujisajili, ina sensa ya 1881 yote iliyonakiliwa, kazi iliyofanywa na vyama vya historia ya familia pamoja na kanisa linaloiendesha tovuti hiyo, na ubora wake unashinda nakala nyingi za kulipia. Nisingelipa chochote ili kuona 1881.

Malalamiko yaliyobaki ni ya pesa. Nilisitisha usajili siku mbili kabla ya mwezi kwisha, nikapata ujumbe wa kuthibitisha, na bado siku ya 31 kadi yangu ilikatwa ada ya mwezi wa pili. Huduma kwa wateja walijibu kwa adabu nyingi na kwa ujumbe ule ule mara tatu. Pesa zilirudi baada ya siku 11, pungufu kidogo kwa sababu ya tofauti ya kubadilisha fedha, na siku hizo za ziada nilizitumia bila haya. Anayelipa kwa kadi ya simu aweke humo kiasi cha mwezi mmoja tu na si zaidi, na atapumua.

Je, kwa mtu wa kanda hii huduma hii ina maana gani, ukiacha wenye wakwe Waingereza? Nimejiuliza hivyo kwa sababu nimezaliwa katika nchi ya pamba. Njaa ya pamba iliwafundisha wenye viwanda wa Lancashire kuogopa kutegemea nchi moja, na woga huo ulikuwa bado hai mwaka 1902 walipoanzisha chama cha kukuza pamba katika makoloni. Kituo cha Ukiriguru, kilichoanzishwa wakati wa utawala wa Waingereza huku kwetu, kilikuja kuzalisha aina za mbegu ambazo bado wakulima wanazitaja kwa herufi UK, kama UK82 na UK91, na si ajabu kumkuta kijana anayedhani herufi hizo ni za Uingereza, ilhali ni za Ukiriguru. Baba yangu alipeleka pamba kwenye chama cha msingi kilichokuwa chini ya shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 baada ya Paul Bomani na wenzake kuchoka na mizani za walanguzi. Mwalimu wa historia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba mwisho wa ile barabara ya pamba kulikuwa na mtoto wa miaka 12 amesimama kwenye mashine nusu ya siku, anaweza kuifungua picha ya mwaka 1871 darasani. Kwa kazi hiyo mwezi mmoja unatosha. Mwaka mzima ambao tovuti inausukuma kwa punguzo kubwa hauna maana, kwa sababu picha ukizishusha zinabaki zako.

Bado sijamaliza. Ubatizo wa yule mzee aliyezaliwa karibu na 1799 uko nyuma ya usajili wa kiserikali, na kabla ya 1813 makasisi hawakuwa na fomu zilizochapishwa za ubatizo, kila mmoja aliandika alivyopenda. Nina wagombea watatu wenye jina moja katika parokia mbili jirani, na kwa sasa nimewaacha wote watatu kwenye karatasi, kwa penseli. Kama nitalipia mwezi mwingine itakuwa Desemba, mkwe wangu akiwa hapa, ili tusome mwandiko huo wawili.

Wajukuu niliwaeleza mwishowe, kwa njia ya simu yenye video, huku nimeinua zile picha mbili mbele ya kamera. Walinyamaza kuhusu degedege, kisha Doto akauliza yeye na Kulwa walipishana dakika ngapi. Mama yao alileta vyeti vyao vya kuzaliwa, na saa haikuwamo. Ikabidi aulizwe mke wangu, ambaye alikuwa nje ya mlango wa wodi siku ile. Alisema ni dakika 12, akasisitiza kwamba aliitazama saa ya ukutani, nami nikaziandika nyuma ya ile karatasi ya A3, pamoja na tarehe na jina la aliyetoa taarifa.